Joho Ukutani

Kioo kilipasuka usiku wangu wa kwanza Uasin Gishu. Upepo wa Desemba ulipita dirishani, ukavuta pazia, pazia likanasa ukingo wa fremu, na picha iliyokaa ukutani kwa zaidi ya miaka hamsini ikashuka pamoja na msumari wake. Asubuhi nilimkuta mwenyeji wangu amepiga magoti sebuleni, anaokota vigae vya kioo kimoja kimoja na kuvilaza juu ya gazeti. Yeye ni bibi wa rafiki niliyesoma naye. Kwa Kikalenjin bibi huitwa kogo, na tangu nivuke lango la boma lake alitaka nimwite hivyo.

"Pole, Kogo," nikamwambia. "Ni picha tu, itapata kioo kingine."

Hakuinua uso. "Mjukuu wangu, hii si picha. Hii ni nyumba."

Nilikuwa nimepanda kutoka pwani kuhudhuria mahafali ya mjukuu wake wa mwisho. Siku nne nilizokaa Eldoret na viunga vyake nilitembea na neno hilo la Kogo, na kila nilipokwenda nilikuta kitu cha kulieleza.

Nilimsaidia kuokota vigae, kisha nikaitazama picha yenyewe. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, imepigwa studio mwanzoni mwa miaka ya sabini. Katikati ameketi marehemu mumewe, magoti yametengana, koti jeusi limemjaa mabega, mkono wa kulia umeshika fimbo iliyosimama wima kama mlingoti. Kogo mwenyewe, binti mbichi wakati huo, amesimama nyuma ya kiti na kuweka vidole begani kwa mumewe. Kifungua mimba wao yuko mbele, soksi nyeupe zimevutwa hadi magotini. Nyuma yao kumechorwa nguzo mbili nene, pazia lenye vishada, na ngazi zinazopanda kwenda mahali pasipoonekana. Na ukingoni kabisa, upande wa kushoto, kuna kitoto kichanga. Kimeketi wima hewani. Mkono mwembamba usio na mwenyewe umekizunguka kiunoni.

Pale ilipoanguka palibaki mraba mweupe, kwa kuwa moshi na vumbi vilikuwa vimeupaka ukuta wote isipokuwa hapo. Mraba huo ulinionyesha mpangilio ambao usiku sikuuona. Juu kabisa, peke yake, ilitundikwa picha ya rais wa nchi. Chini yake, palipo na ule mraba, ndipo alipokaa mzee. Chini ya mzee walipangwa watoto na wajukuu, kila mmoja ndani ya joho jeusi, kofia ya pembe nne kichwani, karatasi iliyoviringwa mkononi. Nilihesabu majoho sita. Nafasi ya saba ilikuwa na msumari tayari, unasubiri.

Kwetu Lamu joho halikuanzia chuo kikuu. Joho ni vazi la waungwana, la kitambaa kizito, lililotiwa nakshi za uzi wa dhahabu shingoni na kifuani, linalovaliwa juu ya kanzu. Aliyepita njiani na joho, jambia kiunoni na bakora mkononi, hakuhitaji kutajwa jina. Bwana harusi huvaa joho hadi leo, kwa siku hiyo moja akawa sultani wa mtaa wake. Kwa hiyo nilipouona ukuta wa Kogo, bara kabisa, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, nilijihisi nimeshawahi kuusoma.

Niliusoma Unguja. Miaka kadhaa iliyopita nilizunguka jumba la makumbusho la kasri, lile linalotazama bahari ya Mji Mkongwe, nikasimama mbele ya picha za masultani wa ukoo wa Busaidi. Zina sarufi moja. Kilemba kimefungwa kwa ustadi, joho limeachiwa liteleze, mkono uko karibu na silaha bila kuichomoa. Hakuna anayetabasamu. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alizuru London mwaka 1875 na kupigwa picha huko katika mavazi yake ya Kiomani. Alikuwa ametoka tu, mwaka 1873, kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa kwa shinikizo la Waingereza wenye manowari. Ukimtazama kwenye picha huwezi kuliona shinikizo hilo. Hiyo ndiyo kazi ya picha ya ukoo wa kifalme: inafanya enzi ionekane imetulia hata siku ambayo imetikiswa.

Dada yake, Sayyida Salme, ananigusa zaidi. Alizaliwa 1844, akaondoka Unguja 1866 akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, akabatizwa na kuitwa Emily Ruete. Mabinti wa kasri hawakuonyesha nyuso zao kwa wageni. Lakini alipokuwa tayari Hamburg, mbali na kila aliyeweza kumtambua kuwa binti wa Sayyid Said, alivaa mavazi ya kwao na kukaa mbele ya kamera. Utawala hakuwa nao, wala urithi, wala ukuta wa baba yake. Alibaki na nguo. Akazifanya hati yake ya kuzaliwa.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kasri lile likawa Kasri la Watu, na baadaye makumbusho. Nilipopita, nyuso za masultani bado zilionekana humo, ila ukuta ulikuwa umebadili mwenyewe. Nililikumbuka hilo wakati Kogo anaikunja picha yake ndani ya leso, fremu na yote, na kunikabidhi. "Ipeleke mjini. Usiiache ilale huko bila kuniambia."

Matatu iliniteremsha Barabara ya Uganda. Eldoret imekua kiasi kwamba Agosti 2024 ilipewa hati ya kuwa jiji, lakini wenyeji wake bado huiita Sisibo. Jina hilo ni matamshi ya wenyeji ya "sixty-four", na lilitokana na shamba nambari 64, mahali ambapo serikali ya kikoloni iliweka ofisi ya posta mwaka 1910 ili kuwahudumia walowezi. Wengi wao walikuwa Makaburu kutoka Afrika Kusini, waliofika uwanda huu mwaka 1908 kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mwaka 1912 kituo kikaitwa Eldoret. Reli ilifika 1924, na pamoja na reli wakaongezeka wenye maduka, wengi wakiwa Wahindi. Mume wa Kogo alizaliwa katika kambi ya vibarua kwenye shamba la mlowezi. Baada ya uhuru, walowezi walipoanza kuuza na kuondoka, yeye na wenzake walichanga fedha, wakanunua shamba kwa hisa. Mwaka alioonyeshwa mpaka wa ekari zake ndio mwaka aliopeleka familia studio.

Fundi wa fremu ana kibanda cha mabati kwenye kichochoro kinachotokea Mtaa wa Oloo. Ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na nilipomwamkia "Shikamoo, mzee" alicheka kwa furaha, akasema ni muda mrefu hajaamkiwa hivyo huku. Alipofungua leso aliitambua picha mara moja. Hakuwajua watu. Alilijua pazia.

"Hii ni studio ya Mhindi aliyekuwa karibu na stendi. Nilianza kazi kwake, kazi yangu kufagia na kutundika hili turubai. Makoti alikuwa nayo matatu ya kuazimisha. Fimbo pia ilikuwa ya studio. Kila mzee wa Uasin Gishu wa miaka ile ameshika fimbo hiyo."

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nilisimama pale kibandani nikaona kwamba mbele ya kamera imewasitiri wengi, tena wakubwa. Nguzo na pazia katika picha ya Kogo vina ukoo mrefu kuliko wangu. Wachoraji wa Ulaya wa karne ya 17, kama Anthony van Dyck aliyewachora Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza na jamaa zake, waliweka nguzo za mawe na mapazia mazito nyuma ya wakubwa ili mtazamaji ahisi jumba kubwa hata asipolionyeshwa lote. Mwaka 1854 Mfaransa aitwaye Disdéri alisajili njia ya kupiga picha ndogo kadhaa kwenye bamba moja, bei ikashuka, na watu wa tabaka la kati wakamiminika studio. Wapiga picha wakawapa nguzo za mbao na mapazia ya kukodi. Mtindo huo ulivuka bahari. Huko Unguja, mwishoni mwa karne ya 19, Wagoa kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho walikuwa na studio zao. Mtindo huo ukapanda bara na reli, ukafika Sisibo, ukamkuta mtu aliyezaliwa kambini kwa vibarua, ukamwazima ngazi za jumba la mfalme.

Simwoni kuwa alidanganya. Koti lilikuwa la Mhindi na fimbo ya Mhindi, lakini ekari zilikuwa zake. Hakuwa na njia ya kuziingiza ekari studio. Alichukua lugha iliyokuwapo ya kusema "nimefika", akaisema.

Fundi akang'oa vijisumari nyuma ya fremu, akainua ubao, kisha kadibodi iliyokatwa dirisha kuizunguka picha. Akanyamaza. Akaigeuza ili nami nione.

Chini ya kadibodi, upande wa kushoto, alikuwapo mtu wa tano. Msichana wa miaka kumi au kumi na mmoja, peku, gauni limepauka, amepiga goti moja ili asimzidi mtoto kimo. Ule mkono mwembamba ulikuwa wake. Ndiye aliyekishika kitoto kisianguke. Aliyetia picha fremu alikata dirisha la kadibodi likampitia katikati ya bega, akabaki mkono.

"Yaya," fundi akasema. "Walifichwa wengi hivyo. Tajiri wa studio alikuwa akiuliza, tukate wapi? Baba wa familia anaonyesha kwa kidole."

Katika jumba la Prado mjini Madrid kuna mchoro wa Diego Velázquez wa mwaka 1656 ambao wanafunzi wa sanaa duniani kote huusoma. Katikati yuko binti mdogo wa mfalme wa Hispania. Mfalme na malkia wanaonekana kwa mbali tu, ndani ya kioo. Waliomzunguka binti ni wahudumu wake, mmoja amepiga goti akimpa kinywaji, na mchoro unaitwa kwa jina lao: Las Meninas, yaani wasichana wa kumhudumia. Hao walikuwa wa nyumba bora na majina yao yanajulikana. Nilimtazama huyu wetu aliyepiga goti vilevile, nikaona ukubwa wa aliyeketi unavyohitaji mtu wa kumpigia goti pembeni. Picha ya ukoo hugawa vyeo kwa kimo. Nani amepewa kiti, nani ameweka mkono begani kwa nani, nani ameinama. Cheo cha mwisho ni cha aliyeachwa nje ya dirisha.

Kioo cha kipimo kile hakikuwapo. Fundi aliahidi kesho yake jioni. Kabla sijaondoka nilimuuliza kama hupokea picha nyingi za zamani. Aliacha kufuta meza. Akasema mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi, kwa miezi mingi aliletewa vipande: nusu ya harusi, pembe ya ubatizo, uso mmoja uliookolewa mfukoni. Waliochomewa nyumba walikuja kuuliza kama anaweza kuitengeneza picha nzima kutokana na kipande kilichobaki. Wengine walikuja mikono mitupu, wakimuuliza kama studio ya Mhindi iliacha popote zile filamu zake. Haikuacha.

"Bwana," akaniambia, "picha ya familia kwanza ni ukuta. Mtu asiye na ukuta atatundika wapi?"

Nikampigia Kogo simu kumwambia nyumba yake italala mjini.

Siku ya pili nilipanda matatu ya Kapsabet, tukapita Kapseret, Mosoriot na Chepterit, kisha nikaunganisha hadi Nandi Hills. Mashamba ya mahindi yaliisha, majani ya chai yakaanza, kijani kilichonyolewa kimo kimoja hadi upeo wa macho. Nilikwenda kwenye makumbusho ya Koitalel arap Samoei kwa sababu ya fundi na ukuta wake. Nilitaka kumwona mtu wa ukoo mkubwa wa huku.

Koitalel alikuwa orkoiyot, kiongozi wa kiroho wa Wanandi, kutoka ukoo wa Talai ambao cheo hicho hurithiwa ndani yake. Baba yake, Kimnyole, alikuwa orkoiyot kabla yake. Kwa takriban miaka kumi Wanandi walipigana na Waingereza na reli yao. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, na hapo Kapteni Richard Meinertzhagen akampiga risasi na kumuua. Fimbo za uongozi zilichukuliwa kama nyara na kupelekwa Uingereza. Zilirudi 2006, baada ya miaka 101.

Nilikuja nikitafuta uso, lakini kilichonishika ni habari ya fimbo. Orkoiyot hakuhitaji kupigwa picha ili atambulike. Enzi yake ilikaa ndani ya fimbo, ndani ya vazi la ngozi, ndani ya neno lake ambalo wapiganaji walilisubiri. Naamini Meinertzhagen alilifahamu hilo, ndiyo maana hakuridhika na kumuua mtu. Alichukua vilevile kitu ambacho kingempa mrithi sura ya mrithi.

Na serikali ya kikoloni ikaendelea na kazi hiyo kwa njia ya ukuta. Mwaka 1923 mwana wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikamatwa, akakaa kizuizini hadi 1964, miaka 41, akaachiwa baada ya bendera ya Kenya kupanda. Mwaka 1934 sheria maalumu ilitungwa ya kuwahamisha Talai wa upande wa Wakipsigis kutoka Kericho hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, sehemu ya mbu na ukame. Miaka hiyohiyo, kamera za wageni zilikuwa zimejaa Afrika Mashariki, zikiwaandika watu kwa kabila na rika: shujaa wa Nandi, mwanamke wa Maasai. Picha zilikuwapo tele. Lakini ukoo uliotawala haukuachiwa nyumba ya kutundika iliyo yake. Niliposimama kwenye kaburi la kumbukumbu, chai ikipepea pande zote, nilielewa kwamba Kogo alisema neno kamili. Aliyenyimwa picha na aliyenyimwa nyumba ni mtu mmoja.

Jioni nilipita kwa fundi. Alikuwa ameweka kioo kipya, na kadibodi mpya ameikata lakini hajaifunga. "Nimekata madirisha mawili," akasema. "Hili ni la kipimo cha zamani. Hili ni pana, linamchukua yule binti. Mwenye nyumba achague." Alikataa kulipwa kadibodi ya pili.

Mahafali yalikuwa siku ya tatu. Kesses, kilipo chuo kikuu cha mjukuu, iko kusini mwa mji, na magari yalianza kukwama alfajiri, yamepambwa, yamejaa wazee waliovaa suti za zamani na akina mama wenye vibuyu vya maziwa ya mursik. Uwanjani majoho yalikuwa maelfu. Wapiga picha walipita na mashada ya karatasi za kumeta shingoni, wakimpanga kila mwenye joho na jamaa zake, na mpangilio ulikuwa uleule: joho katikati, wazazi kulia na kushoto, watoto mbele. Vazi lile lilitoka kwa makasisi na wanazuoni wa Ulaya, na Kiswahili kililipa jina la vazi la waungwana wa pwani. Naliona jina hilo limesadifu. Joho la pwani lilimtaja mtu kwa nasaba. La Kesses linamtaja kwa mitihani, na kwa ng'ombe waliouzwa na magunia ya mahindi yaliyolipa karo. Mjukuu alipomvalisha Kogo joho na kofia, mpiga picha akamletea kiti cha plastiki. Kogo akaketi. Akatenganisha magoti, akaisimamisha fimbo yake ya kutembelea, safari hii ya kwake mwenyewe, na hakutabasamu.

Usiku huo tuliitoa picha ya zamani kwenye leso. Nilimweleza habari ya madirisha mawili, nikamwonyesha yule binti. Kogo alimtazama kwa muda mrefu. Alimgusa bega, lile lililokatwa.

"Alikuwa mtoto wa jirani yetu wa kambini. Alikaa kwangu miaka sita. Alibeba wanangu wawili. Siku ile alilia akitaka viatu, nami nikamwambia viatu havitaonekana."

Nilingoja. Sebule ilikuwa kimya, wajukuu wameacha kuzungumza.

"Mzee alionyesha kwa kidole, lakini mimi nilikuwa nimesimama pale," akasema. "Sikusema kitu. Una mwandiko mzuri wewe?"

Nilimwambia ninajitahidi. Akaigeuza picha kifudifudi juu ya kitambaa cha kufuma, akanipa kalamu, akaanza kutaja, nami nikaandika nyuma kwa herufi kubwa: jina la mzee, la kwake, la kifungua mimba, la kitoto. Alipofika kwa yule binti alitaja jina lake, la baba yake, na la mahali alipoolewa, akanisubiri nimalize kabla ya kuendelea. Kisha akachagua dirisha pana.

Asubuhi ya kuondoka kwangu tuliitundika. Kwa kuwa fremu ilikuwa ileile, mraba mweupe wa ukutani ulifunikwa sawasawa. Kitoto bado kiko ukingoni upande wa kushoto, na sasa kimeshikwa.